Mstari wa Tatu wa Wimbo wa Taifa

Barua ya wizara ilimkuta Mwalimu Doremi akifua. Aliifungua kwa mikono yenye povu, akaisoma akiwa amesimama, kisha akaikunja na kuibana chini ya mche wa sabuni ili upepo usiichukue. Si kwamba aliithamini. Alitaka kuisoma mara ya pili ahakikishe kwamba hasira iliyompanda ilikuwa na haki ya kupanda.

Barua ilisema nchi inaadhimisha miaka thelathini na minane ya wimbo wake wa taifa, na kwamba yeye, aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya kwanza kuuimba, atatunukiwa cheti mbele ya wageni waalikwa. Ilisema pia kuwa wimbo huo "ulichaguliwa na wananchi wenyewe".

"Wananchi wenyewe!" akasema peke yake uani, na shuka aliyokuwa nayo mkononi ikasuguliwa nusura itoboke.

Ukitaka kumwona mama huyu anawaka, mtajie maneno hayo mawili. Ana miaka sabini na mmoja, magoti yanamlalamikia kila akipanda ngazi, lakini hasira yake haijawahi kuugua hata mafua. Anakaa nyumba ya pili kutoka shule aliyofundisha maisha yake yote, na kila Jumatatu asubuhi wimbo huo huruka ukuta na kuingia jikoni kwake bila hodi. Mstari wa kwanza na wa pili huja vizuri, watoto mia sita kwa mkupuo mmoja. Wa tatu huja umechanika: wachache wanapiga yowe, wengi wananyamaza, walimu wanachezesha midomo bila kutoa kitu. Wa nne wanarudi wote kama vile hakuna kilichotokea. Hapo ndipo Mwalimu Doremi hutua sufuria kwa kishindo, na jirani yake humwambia mumewe, "Bibi ameanza."

Ugomvi wake ni na watu wanane. Sita wameshakufa, jambo linalomuudhi zaidi, maana amebakiwa na wawili tu wa kugombana nao.

Jina la Doremi alipewa na wanafunzi, kwa vile alikuwa akiingia darasani anaimba do, re, mi kabla hata ya kuitikia salamu. Baba yake naye alikuwa na jina la kupewa. Kiwandani walimwita Kimya, na jina hilo lina kisa chake, tena bila kisa hicho hasira ya bintiye itaonekana ya mtu asiye na kazi.

Enzi za wakubwa wa kwanza, wale waliotoka mbali, kila Jumatatu wafanyakazi wa kiwanda cha saruji walisimamishwa langoni kuuimba wimbo wa wakubwa hao. Wote waliimba. Wengine hawakujua hata maana yake, lakini mwenye nguvu mpishe. Kimya alivua kofia, akasimama wima kama wenzake, akafunga mdomo. Hakutukana mtu, hakugoma. Msimamizi alipomuuliza kwa nini haimbi, alijibu kwa adabu zote, "Bwana, wimbo ni mzuri. Ila si wangu. Nikipata wangu nitaimba."

Kwa jibu hilo alitolewa kwenye mitambo akapelekwa chumba cha kujaza mifuko, mahali ambapo vumbi la saruji huelea mchana kutwa na mtu hukohoa rangi ya kijivu. Walidhani atakaa mwezi mmoja kisha atapata adabu na kuimba. Alikaa miaka ishirini na sita. Kila Jumatatu alivua kofia, akafunga mdomo, akarudi kwenye vumbi. Kuna watu mdomo huwaponza kwa kusema. Huyu alimponza kwa kunyamaza, na deni likalipwa na mapafu. Nchi ilipokuwa karibu kupata bendera yake, alikuwa mzee wa miaka sitini anayepumzika mara mbili kati ya mlango wa chumba na mlango wa choo.

Lakini alikuwa na furaha ya mtoto. Redio ilipotangaza kwamba kutakuwa na shindano la kutunga wimbo wa taifa, alimwita bintiye akiwa bado ana chaki mikononi.

"Mwanangu, umesikia? Wanatafuta wimbo."

"Nimesikia, baba."

"Wafanye haraka. Pumzi zenyewe hizi unaziona."

Basi nyimbo zikaja, mia tatu na zaidi, kwenye bahasha, kwenye karatasi za daftari, moja hata nyuma ya kalenda. Serikali iliunda kamati ya watu saba ya kuchagua: mwanasheria, daktari wa meno, mfanyabiashara wa mbao, mkuu wa chuo, wazee wawili wa heshima, na katibu kutoka wizarani. Watu wazuri, wenye suti. Hakuna hata mmoja aliyejua kusoma nota. Hilo si kosa. Hata fundi viatu hajui kusoma nota. Kosa ni kutosema. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua, na kila karatasi ya nota ilipopitishwa mezani waliitazama kwa zamu, wakatikisa vichwa, wakaipitisha.

Zilipobaki nyimbo tano, ikaonekana ni lazima ziimbwe. Bendi ya polisi ilikuwa na mazoezi ya gwaride. Katibu akakumbuka kwamba shule ya karibu na kiwanda ina kwaya ya watoto arobaini inayoshinda kila mwaka. Ndivyo karatasi tano zilivyofika mikononi mwa Mwalimu Doremi, siku kumi kabla ya kamati kukaa.

Ya nne ilikuwa nzuri. Mwenyewe hakatai mpaka leo. Iliandikwa na Daktari wa Muziki, bwana aliyesoma ng'ambo miaka tisa na kurudi na shahada na skafu, skafu ambayo hakuivua hata kwenye joto. Maneno yalikuwa mepesi na ya kweli. Mstari wa tatu ulisema: *Sisi ndio wenye nchi, hatuna kwingine.* Lakini hapo hapo kwenye "wenye nchi", sauti ilipanda ghafla mpaka darini.

Mwalimu Doremi alikuwa na kipimo chake, ambacho hakukisoma chuoni. Wimbo wa watu wote lazima uweze kuimbwa na mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Ukikulazimisha kuinua kidevu, maji yanamwagika, na wimbo huo ni wa watu wasiobeba kitu. Akamwita kiranja wa darasa, msichana mwenye sauti ya kengele, akamtwika ndoo.

"Imba, mwanangu. Taratibu."

Msichana akaimba. Mstari wa kwanza, ndoo imetulia. Wa pili, imetulia. Wa tatu, kidevu juu, na maji yakamshuka mgongoni mpaka kwenye soksi. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

Jioni ile akaupeleka nyumbani. Mzee Kimya aliketi kitini, akavua kofia ingawa alikuwa sebuleni kwake, akajifunza mistari miwili kwa sauti ndogo yenye mchanga ndani yake. Alipofika "sisi ndio wenye nchi", akajaribu kupanda, akakohoa mpaka bintiye akamshika mabega.

"Wa nani huu?" akauliza alipopata pumzi.

"Wa Daktari wa Muziki."

"Hajawahi kufanya kazi kiwandani."

Mwalimu akalala nao, akaamka nao. Asubuhi akaandika ubaoni mstari wa tatu mpya. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Alichofanya ni kuishusha ile sauti: pale ilipopanda, sasa ilitembea ngazi tatu za kawaida na kutulia, kama mtu anayerudi kwake na kukaa. Akamtwika kiranja ndoo. Halikumwagika hata tone. Jioni baba yake akauimba wote, mwanzo mpaka mwisho, bila kukohoa. Akaweka kofia mapajani, akamwambia bintiye, "Huu nitauimba siku ya bendera." Akasema hivyo kama mtu anayeweka miadi.

Hakufanya kwa siri. Asubuhi ya kamati alimsimamisha katibu mlangoni.

"Bwana Katibu, wa nne nimeushusha mstari wa tatu. Ulivyoandikwa, watu hawataufikia. Nilitaka kamati ijue."

Katibu alikuwa anatafuta kalamu kwenye mifuko yake yote. "Mwalimu, wewe imbisha tu. Mambo ya ufundi tutayaweka sawa baadaye."

Na Mwalimu Doremi akaimbisha. Hilo ndilo kosa lake, na halifichi: aliandika ubaoni, hakuandika kwenye karatasi. Ubao ulifutwa na mfagizi jioni ile ile.

Watoto arobaini walisimama mbele ya meza ndefu. Wimbo wa kwanza, wa pili na wa tatu, kamati ilisikiliza kwa adabu na kunywa maji. Wa nne ulipofika kwenye "sisi ndio wenye nchi", mzee mmoja wa heshima akasimama bila kuambiwa. Mfanyabiashara wa mbao, mtu aliyejulikana kwa kutolia hata msibani, akatoa leso. Katibu mwenyewe alikuwa akifuta miwani, macho yakiwa mekundu. Walipomaliza, mwanasheria akasema, "Kuna haja ya kupiga kura?" Mikono saba ikapanda. Kisha ikaletwa karatasi ya nota ya Daktari wa Muziki, wote saba wakaitia sahihi, na katibu akagonga muhuri.

Hebu lione hilo. Walichagua wimbo mmoja kwa masikio, wakatia sahihi wimbo mwingine kwa mkono. Mbuzi waliyemwona si yule aliyeingizwa kwenye gunia, na gunia wakalibebesha taifa zima.

Wiki tatu kabla ya bendera, redio ikaupiga kwa mara ya kwanza, na bendi kamili. Mzee Kimya alikuwa amevua kofia. Mstari wa kwanza, wa pili. Wa tatu ukapanda darini na tarumbeta zake.

Mzee akamtazama bintiye. "Wamekosea?"

"Nitakwenda kuwauliza, baba."

Alikwenda siku iliyofuata na gauni lake la kufundishia, viatu vimepakwa rangi. Katibu alimpokea vizuri, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua faili na kumwonyesha zile sahihi saba.

"Mwalimu, kilichosainiwa ndicho hiki."

"Lakini mlichokisikia ndicho kile. Wewe ulilia, Bwana Katibu. Nilikuona."

"Nililia, ndiyo." Akafunga faili. "Kulia si kumbukumbu ya kikao."

"Sasa watu wataimbaje?"

"Watazoea."

Akatoka hapo damu inachemka, akaenda moja kwa moja chuoni kwa Daktari wa Muziki. Huyo hakumpa kiti. Alisikiliza akiwa anaikunja na kuikunjua skafu yake, akauliza swali moja.

"Mama, wewe umesomea wapi?"

"Chuo cha ualimu."

"Basi. Ule mpando ndio roho ya wimbo. Taifa linapaswa kupanda. Asiyeweza kupanda, afanye mazoezi."

"Baba yangu mapafu yake yamejaa saruji. Afanye mazoezi ya nini?"

"Wimbo wa taifa hautungwi kwa ajili ya wagonjwa," akasema Daktari wa Muziki, na akafungua mlango.

Mwalimu Doremi amesahau mambo mengi tangu siku hiyo, yakiwamo majina ya wajomba zake wawili. Sentensi hiyo hajaisahau. Siku tano baadaye ikaja barua shuleni: mwalimu yeyote atakayefundisha wimbo wa taifa tofauti na nakala rasmi atafukuzwa kazi. Haikutaja jina, lakini nakala iliyobandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu ilikuwa imepigiwa mstari kwa wino mwekundu, na mwalimu mkuu alimtazama yeye, si wengine.

Kwa hiyo akafundisha nakala rasmi. Alikuwa na baba mgonjwa na mshahara mmoja. Usimhukumu, amejihukumu vya kutosha.

Siku ya bendera uwanja ulijaa mpaka kwenye miti. Watoto wake arobaini walisimama jukwaani mbele ya vipaza sauti, na yeye mbele yao, mgongo kwa taifa. Mzee Kimya alikuwa mstari wa tatu kwenye viti vya wazee, na suti aliyoazimwa na jirani. Bendera ya zamani ikashuka. Mpya ikaanza kupanda. Bendi ikaanza.

Watu waliimba, jamani. Walikuwa wamejifunza kwa redio, majumbani, sokoni, kazini. Mistari miwili ya kwanza ilimpiga mgongoni kama upepo wa mvua. Mkono wake ulikuwa hewani kuwaongoza watoto, na alizijua njia zote mbili za mstari wa tatu, na watoto nao walizijua zote mbili. Kushusha kiganja kidogo tu kungetosha. Akapandisha kiganja. Aliogopa, basi, akapandisha.

Watoto arobaini wakapanda darini na tarumbeta. Nyuma yake uwanja mzima ukanyamaza. Wachache walijaribu, sauti zikawakatika, wengine wakacheka kwa aibu, na wengi wakafunga midomo kusubiri mstari wa nne. *Sisi ndio wenye nchi*, na wenye nchi wenyewe kimya. Akageuka, jambo ambalo kiongozi wa kwaya hafanyi. Akamwona baba yake ameinama anakohoa kwenye leso ya kuazima, na bwana mmoja wa kiti cha mbele amemgeukia kwa jicho la karaha, kwamba huyu mzee anaharibu wimbo.

Mzee akajinyoosha. Akavaa uso ule ule wa Jumatatu za langoni. Mstari wa nne uwanja ukarudi wote kwa shangwe, yeye hakurudi.

Nyumbani Mwalimu Doremi alianza kusema, "Baba, nisamehe, mimi…"

"Uniombe radhi ya nini?" Mzee alikuwa anakunja suti ya watu kwa uangalifu. "Mimi kunyamaza nina uzoefu, mwanangu. Miaka ishirini na sita."

Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma. Angemlaumu, wangegombana, yakaisha.

Aliishi miaka miwili mingine. Wiki ya mwisho, hakuweza tena hata kukaa, akamwomba bintiye amwimbie "ule wa ubaoni". Mwalimu akafunga mlango. Akafunga na madirisha, yote mawili, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa mjumbe wa chama na barua ya wino mwekundu ilikuwa bado ukutani ofisini. Wakauimba wawili, kwa sauti ya chini, joto likiwatoa jasho. Mzee aliimba mistari yote. Alipofika "sisi ndio wenye nchi" hakukohoa. Mtu aliyeungoja wimbo wake robo karne na zaidi akauimba mara moja tu, amelala, madirisha yamefungwa, kama mwizi anayegawa mali. Kila Mwalimu Doremi akikumbuka yale madirisha hutamani kuyavunja, na nyumba yenyewe ilishabomolewa zamani.

Sasa cheti.

Alikusudia asiende. Kisha akachukua gauni la bluu, akalipiga pasi, akaenda. Ukumbi ulikuwa na zulia jekundu na viti vyenye majina. Mstari wa mbele alikuwapo mzee mmoja mwenye fimbo na miwani minene: katibu, mmoja wa wale wawili waliobaki. Afisa wa itifaki, bwana wa makamo mwenye karatasi mkononi na haraka usoni, alimketisha Mwalimu Doremi viti viwili kutoka kwake. Hakuna aliyesalimia.

"Mabibi na mabwana, tusimame kwa wimbo wa taifa, wimbo uliochaguliwa na wananchi wenyewe."

Akasimama, magoti yakilalamika. Bendi ikaanza. Ukumbi ukaimba mstari wa kwanza, yeye amefunga mdomo. Ukaimba wa pili, yeye amefunga mdomo, na afisa wa itifaki akamwona, akakunja uso. Kisha bendi ikapanda kuelekea wa tatu, na ukumbi, kwa mazoea ya miaka thelathini na minane, waziri, mabalozi, wapishi mlangoni, wakanyamaza wote kama kawaida.

Hapo ndipo alipofumbua mdomo. Akauimba wa ubaoni, ngazi tatu za kawaida, kidevu hakikupanda. Sauti ilikuwa ya kikongwe, yenye mchanga ndani yake, na ilikuwa peke yake. Iligombana na tarumbeta, na haikujali. *Sisi ndio wenye nchi, hatuna kwingine.* Vichwa viligeuka. Mzee mwenye fimbo aligeuka polepole kuliko wote, akatoa miwani, akaanza kuifuta. Alikuwa ameutambua.

Mstari wa nne ukumbi ukarudi. Mwalimu Doremi akakaa kabla haujaisha.

Afisa wa itifaki akamwinamia sikioni, kwa heshima ile ya kukaripia watu wazima. "Bibi, samahani. Mstari wa tatu umeukosea."

"Sikuukosea, baba," akasema, na hakupunguza sauti. "Nimeuchelewesha."